Kipanya Kikigoma, Usikimbilie Kupiga Window

Wiki ya nne ya mazoezi ya kufundisha nilikwenda Iringa mara moja kufuata vitu nilivyokuwa nimeviacha hosteli, nikarudi Mbeya Jumapili jioni. Laptopu ilikuwa kwenye begi la mgongoni pamoja na kipanya changu kisicho na waya. Nilipoiwasha nyumbani, kishale kilikuwa katikati ya kioo kimetulia tuli. Nikasukuma kipanya: kimya. Nikapapasa tachipadi: kimya. Nikazima, nikawasha tena. Yale yale.

Ndani ya mashine hiyo kulikuwa na azimio la kazi la Jiografia, maandalio ya masomo na alama za jaribio za wanafunzi 63 wa kidato cha pili. Nakala nyingine sikuwa nayo, na mhadhiri wa kunitathmini angeweza kutokea siku yoyote bila hodi. Jumatatu baada ya vipindi nikaipeleka kwa fundi mjini. Aliigusagusa dakika mbili akasema: “Draiva zote zimekufa. Hii Linux yako ndiyo tatizo. Tupige window, elfu ishirini na tano.” Nikauliza mafaili je? Akasema hawezi kuahidi.

Boom lilishakata. Nikarudi nyumbani Iyunga na laptopu yangu kwapani, nikamfuata jirani yetu anayesoma MUST. Nikamwambia, “Kaka, nisaidie, vyote viwili vimekufa.” Akacheka. “Dogo, si unasomea ualimu? Mwanafunzi akinyamaza darasani, unampiga window?”

Somo lenyewe ni hilo, na ndilo nataka kuwaachia wanachuo wenzangu.

Mzigo umekwamia wapi?

Fikiria umetumiwa mzigo kwa basi kutoka Mbeya, wewe uko Iringa, na haujafika. Huanzi kulaumu barabara nzima. Unauliza: ulipakiwa Mbeya? Makambako ulionekana? Mafinga je? Pale jibu linapobadilika kutoka “ndiyo” kuwa “hapana”, hapo ndipo mzigo ulipo.

Kidole chako kikigusa tachipadi, ujumbe nao unasafiri. Kituo cha kwanza ni kifaa chenyewe: betri, waya, tundu la USB. Cha pili ni kerneli, moyo wa Linux, ambayo hukitambua kifaa kwa kutumia draiva. Cha tatu ni libinput, programu inayogeuza miguso kuwa mwendo na mibofyo. Cha nne ni mipangilio ya eneo-kazi, inayoamua kama mwendo huo utumike au upuuzwe. Nitatumia Ubuntu kama mfano kwa sababu ndiyo niliyonayo. Kwenye Linux nyingine vituo ni vile vile, ila baadhi ya amri zitatofautiana.

Kabla ya yote, okoa kazi zako

Kipanya kikifa, kibodi bado ipo. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows, andika files, kisha Enter. Tumia mishale na Tab kutembea, Ctrl+C kunakili na Ctrl+V kubandika kwenye flashi. Alt+Tab inahama kutoka dirisha moja kwenda jingine, Ctrl+S inahifadhi. Ilinichukua nusu saa kwa jasho, lakini alama za watoto zilikuwa salama. Baada ya hapo hofu ilipungua, na mtu asiye na hofu anafikiri vizuri zaidi.

Kama hata kibodi haijibu, jaribu Ctrl+Alt+F3. Likitokea skrini jeusi linaloomba jina na nywila, ujue kompyuta iko hai, ni eneo-kazi tu lililoganda. Ingia, andika sudo reboot.

Kituo cha kwanza: kifaa

Badilisha betri. Hamisha kipanya kwenda tundu jingine. Angalia safu ya F1 hadi F12: laptopu nyingi zina kitufe chenye picha ya tachipadi, ambacho ukikibonyeza pamoja na Fn kinaizima. Ni rahisi kukigusa bila kujua. Baadhi ya HP za zamani zina kitaa kidogo kwenye kona ya juu kushoto ya tachipadi yenyewe. Ukigonga hapo mara mbili inazimika, ukigonga tena inawaka.

Mimi nilibonyeza vyote. Hakuna kilichobadilika. Betri sikubadilisha, nikisema ni mpya. Kumbuka kosa hilo.

Kituo cha pili: kerneli

Fungua teminali kwa Ctrl+Alt+T, andika:

lsusb

Hii inaorodhesha vifaa vyote vya USB ambavyo mashine inaviona. Kisha:

cat /proc/bus/input/devices

Hapa tafuta mistari inayoanza na N: Name, uone kama kuna jina lenye Touchpad, Synaptics, ELAN au Mouse. Kama kifaa hakipo kabisa, andika sudo dmesg -w, chomoa kipanya, kichomeke tena. Ukiandika nywila usishangae herufi zisipoonekana; andika tu, bonyeza Enter. Ujumbe mpya ukitokea, kerneli imesikia. Usipotokea wowote, shuku tundu au kipanya chenyewe. Ctrl+C inakutoa humo.

Tachipadi za laptopu nyingi za zamani bado zinaongea lugha ya PS/2, iliyopata jina kutoka kompyuta za IBM za mwaka 1987. Draiva yake inaitwa psmouse, na wakati mwingine inapoteza fahamu, hasa laptopu ikiamshwa kutoka usingizini. Iondoe na uirudishe:

sudo modprobe -r psmouse
sudo modprobe psmouse

Tachipadi za kisasa nyingi hutumia njia nyingine iitwayo I2C, kwa hiyo amri hizo zisipoleta kitu usikate tamaa. Kama tatizo lilianza mara tu baada ya kusasisha mfumo, washa upya, ingia Advanced options for Ubuntu kwenye menyu ya mwanzo, uchague kerneli ya zamani.

Kwangu orodha ilionyesha vyote viwili, tachipadi na kipanya. Yaani zile draiva “zilizokufa zote” zilikuwa hai. Hapo elfu ishirini na tano ikaanza kurudi mfukoni.

Kituo cha tatu: libinput

Weka kwanza kifurushi cha majaribio, kisha sikiliza:

sudo apt install libinput-tools
sudo libinput debug-events

Papasa tachipadi. Mistari yenye POINTER_MOTION ikimiminika huku kishale hakisogei, basi mguso wako umefika hadi hapa, na kilichouzuia kiko mbele. Kwangu tachipadi ilimwaga mistari kama mvua ya Rungwe. Nikasukuma kipanya: hata mstari mmoja.

Angalia tofauti hiyo. Nilikuwa nasema “vyote vimekufa” kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Kumbe kipanya kilikwama kituo cha kwanza, tachipadi ilikwama cha nne.

Kituo cha nne: mipangilio

gsettings get org.gnome.desktop.peripherals.touchpad send-events

Jibu likiwa enabled, tachipadi imeruhusiwa. Likiwa disabled, imezimwa. Langu lilikuwa disabled-on-external-mouse, yaani “zima tachipadi kila kipanya cha nje kinapochomekwa”. Nikakumbuka: mwenzangu wa chumbani aliniwekea hivyo muhula uliopita, nilipolalamika kwamba kiganja kinarusha kishale nikiandika.

Sasa unganisha. Kipanya kisicho na waya kina kidude kidogo cha kupokea mawimbi, na changu kilikuwa bado kimechomekwa ubavuni. Kidude hicho ndicho mfumo unachokihesabu kuwa kipanya. Swichi ya kipanya ilibaki imewashwa ndani ya begi njia nzima ya kutoka Iringa, betri ikaisha. Mfumo ukaona kidude, ukasema “kipanya kipo”, ukazima tachipadi. Kipanya nacho hakikuwa na nguvu ya kusema chochote.

Nikachomoa kidude. Tachipadi ikafufuka hapo hapo. Nikaandika hii ili isijirudie:

gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.touchpad send-events enabled

Betri nilinunua dukani kwa Mangi. Kazi ikaisha.

Ukipita vituo vyote bila jibu, jaribu kuwasha Ubuntu kutoka kwenye flashi na kuchagua Try, bila kuisimika. Diski yako haiguswi. Tachipadi ikifanya kazi humo, vifaa ni vizima na kasoro iko kwenye mfumo wako. Isipofanya kazi hata humo, hapo ndipo fundi wa kufungua mashine anapohitajika, na utamwendea ukijua unachomwambia.

Kwa sisi walimu watarajiwa

Kuna wanaodhani haya ni mambo ya watu wa kompyuta tu. Lakini mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, waliitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Programu hizi huria zimeshapita mikononi mwetu. Na shule nyingi tutakazopangiwa fundi hatakuwa karibu.

Jumanne nilirudi darasani. Kuna binti wa dawati la nyuma ambaye tangu wiki ya kwanza hakujibu swali langu hata moja, na kwenye daftari langu nilishamwandika “dhaifu”. Safari hii niliuliza kwa vituo. Swali linamfikia? Analielewa? Jibu analo ila kuna kinachomzuia kulisema? Nilimwomba asogee dawati la mbele. Kumbe ubaoni alikuwa haoni. Wiki hiyo hiyo alichora mzunguko wa maji bila kosa.

Nililifuta lile neno kwenye daftari.