Kumfundisha Dini Mwenye Jeraha



Abu Daud amepokea kwa Jabir bin Abdillahi (r.a.) kisa cha watu waliokuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe likampasua kichwa. Kisha akaota usingizini, ikamlazimu janaba. Akawauliza wenzake kama yuna ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kuwa hawamwonei ruhusa, maadamu aweza kupata maji. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwalaumu vikali, akasema ya kwamba wao ndio waliomwua: mbona hawakuuliza walipokuwa hawajui, hali dawa ya ujinga ni kuuliza?

Tuzingatie. Watu wale hawakuwa maadui wa yule majeruhi, wala hawakumfundisha uzushi. Kuoga janaba ni faradhi. Walilokosa ni kulitazama jeraha kabla ya kutoa hukumu. Basi ikiwa hukumu isiyopimwa yaweza kumwua mwenye jeraha la kichwa, mwenye jeraha la moyo naye je?

Twasema haya kwa ajili ya kila mmoja wetu akusudiaye kufunga safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani kwenda Lodwar na Kakuma, huko Turkana, kutoa sadaka na waadhi. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, walipofika maelfu ya watu wa Sudan ya Kusini waliokimbia vita, na wengi wao walikuwa watoto wasio na wazee wao. Wakafuata Wasomali, Wahabeshi, Wakongo, Warundi na wengineo. Nasi watu wa pwani haitupasi kuwaita wageni; kwani kambi za Mombasa, kama Utange na Swaleh Nguru, zilipofungwa katika miaka ya 1990, wengi waliokuwamo walihamishiwa huko huko Kakuma, na miongoni mwao walikuwamo watu wa Barawa, ambao lugha yao ni ndugu ya lugha yetu. Wenyeji Waturkana nao wana majonzi yao: tangu mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa, na kwa mfugaji mnyama ni chakula, ni mahari na ni heshima.

Sasa mtu akisimama mbele ya watu hawa akawaambia kuwa misiba imewashukia kwa madhambi yao, amemfundisha nini mama aliyeuawa mwanawe akitazama? Huenda akasema msemaji: Je, Kurani haikutaja kuwa misiba hutokana na yaliyochumwa na mikono yetu? Twamjibu: Naam, imetaja, na Kurani hiyo hiyo imetaja mtihani wa Nabii Ayubu, naye alikuwa mja mwema. Ni nani aliyepewa ilimu ya ghaibu akajua msiba wa fulani ni wa namna gani? Aya ile ni ya mtu kuhesabu nafsi yake, si ya kumhesabia jirani.

Wala subira si kunyamaza. Nabii Yaakub, ambaye ndiye aliyetaja subira njema, alilia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Mtume wetu (s.a.w.) naye alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Amwambiaye mjane asilie kwa kuwa kulia ni upungufu wa imani, amemkataza lile walilolifanya Mitume.

Tazameni pia kisa cha Bibi Maryamu. Uchungu ulipomshika alitamani lau angalikufa kabla ya siku ile. Hakukemewa kwa neno hilo. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji na tende, kisha akaamrishwa ajizuie kusema na watu siku hiyo. Hapa yapatikana mafunzo makubwa kwa mwalimu.

Kwanza, maji na tende hutangulia maneno. Mwaka 2025 posho ya chakula ilipunguzwa sana Kakuma, na mwenye njaa hawezi kumkatalia mwenye unga. Basi sadaka isifungwe na darasa, wala asiulizwe mpokeaji dini yake. Hapana kulazimishana katika dini.

Pili, mwenye msiba asilazimishwe kusimulia. Akinyamaza, aachwe na heshima yake. Akisema kwa hiari yake, maneno yake ni amana. Si ya kupigiwa picha, wala si ya kurudiwa mimbarini Mombasa ili watu watoe fedha.

Tatu, mtoto aliyeona moto ukiteketeza nyumba yao asianzishiwe dini kwa moto wa Jahannamu. Na aanzishiwe kwa rehema ya Mola wake.

Nne, anayegutuka usiku akipiga mayowe asihukumiwe papo hapo kuwa ana jini, akafungwa au akapigwa. Vita huacha maradhi ya nafsi, na maradhi haya yana waganga wake hospitalini. Asomewe Kurani ikiwa apenda, na apelekwe kwa daktari, Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu.

Hatusemi kuwa haki ifichwe. Faradhi ni faradhi, Lodwar kama Lamu. Twasema kuwa mwalimu aulize kwanza: huyu ameumia wapi, na Sheria imempa ruhusa gani? Asiyejua na awaulize wenye kujua, kabla hajamtia majini mtu mwenye kichwa kilichopasuka.

Mwenyezi Mungu atujaalie ilimu yenye huruma. Amin.