Kijana Aliyeshikwa na Saratani: Haki Zake Juu Yetu

Darsa yetu ya leo ni juu ya mgonjwa ambaye hatuna desturi ya kumtaja. Mzee akiugua twajua la kufanya, na mtoto mchanga akiugua nyumba nzima humhurumia. Lakini yuko mgonjwa wa tatu, naye ni barobaro wa miaka 15, au mwari aliyekwisha kuvunja ungo, au mwanafunzi wa miaka 22, ambaye tabibu amesema ana saratani. Huyu kwa watoto ni mkubwa, na kwa wakubwa ni mtoto. Basi hubaki mlangoni, huku hakuingia na huku hakuingia.

Swali la darsa ni hili: kijana huyu ana haki gani juu ya wazazi wake, walimu wake, marafiki zake na jamaa wa msikiti wake? Tutalieleza kwa mafungu manne.

FUNGU LA KWANZA: KUYAJUA MARADHI YENYEWE

Saratani ni neno la Kiarabu, na maana yake ni kaa, yule mnyama wa pwani. Wayunani wa kale nao waliyapa maradhi haya jina la kaa kwa lugha yao. Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Kila chembe huzaliwa, ikafanya kazi yake, kisha ikafa kwa wakati wake. Saratani ni chembe zilizoasi utaratibu huo, zikawa zaongezeka bila ya mpaka, na pengine zikahama mahali zilipoanza zikaenda kukaa penginepo. Kwa hivyo maradhi haya hayaambukizi kwa kula sahani moja na mgonjwa wala kwa kulala naye chumba kimoja. Wala hapana ilimu yoyote imsemayo mama ya kijana kuwa ndiye aliyeyaleta kwa kosa lake. Mwenye kumtupia mama huyo maneno hayo amemzidishia msiba juu ya msiba.

Na saratani za vijana, aghalabu yake, si zile za wazee. Vijana hupatwa khasa na saratani ya damu, saratani ya tezi ziitwazo limfu, saratani ya mifupa, nayo hupenda kuanza karibu na goti, saratani ya ubongo, na kwa wanaume saratani ya korodani. Dalili zifuatazo hazifai kupuuzwa: maumivu ya mfupa yanayomwamsha mtu usiku, au uvimbe juu ya goti usiotulia, tezi ya shingoni isiyouma nayo yazidi kukua, homa na majasho ya usiku pamoja na kukonda, weupe wa macho na ufizi, au kutoka damu na alama mwilini pasipo kuumia, na uvimbe katika korodani, ambao kijana huuficha kwa haya. Dalili moja katika hizi haimaanishi kuwa mtu ana saratani. Lakini ikipita wiki mbili au tatu haijaondoka, si halali kungoja tena.

Kwetu hapa kuchelewa kuna njia zake. Goti limevimba, watu wasema ameumia mpirani, akakandwa mwezi mzima. Tezi imetoka shingoni, akapewa dawa za kifua kikuu, na maradhi siyo hayo. Homa haitoki, akapelekwa kwa mganga akaambiwa ana jini, na mbuzi akachinjwa. Kusoma Qur'ani na kuomba dua ni ibada, na hapana tabibu anayekataza. Lililo baya ni kuifanya dua kuwa sababu ya kukaa nyumbani, hali ya kuwa Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu.

Na wako wasemao kwamba dawa za hospitali ni sumu, na miti shamba ndiyo salama. Hao na wajue ya kwamba vinkristini, dawa itumikayo sana kwa saratani ya damu na ya tezi, asili yake ni mmea wa Madagaska wenye maua ya waridi na meupe, unaopandwa katika nyua za watu hapa pwani. Lakini ole wake mwenye kuchemsha majani yake akanywa! Mmea ule ni sumu, na dawa yake hupimwa kwa kiasi kidogo mno, na mpimaji ni mtu aliyesomea.

FUNGU LA PILI: HAKI YA KUAMBIWA KWELI

Hili ndilo fungu kubwa. Katika dini yetu mtu akishabaleghe sala imemlazimu, saumu imemlazimu, na amali zake zaandikwa. Hatumwambii barobaro, "Wewe bado mtoto, usisali." Twamhesabu kuwa na akili ya kusimama mbele ya Mola wake. Basi ni ajabu iliyoje kumwona kijana huyo huyo akishikwa na maradhi, tukamrudisha utotoni tukamficha khabari ya mwili wake mwenyewe!

Ni kweli ya kwamba sheria ya nchi humhesabu mtu kuwa mtoto mpaka atimize miaka 18, na mzazi ndiye atiaye sahihi ya matibabu. Lakini hukumu mbili hizi hazigombani. Mzazi ana sahihi yake, na kijana ana haki ya kujua.

Mtu akiuliza: Je, khabari hii haitamvunja moyo? Twajibu: Atahuzunika, na huzuni si aibu. Lakini tazama ifanyavyo siri. Kijana ameambiwa ana uvimbe mdogo tu. Kisha nywele zampukutika, mama yake atoka nje kila mara akarudi na macho mekundu, na mgonjwa wa kitanda cha pili amwambia jina la wodi aliyolazwa. Hapo amepata khabari ile ile, tena kutoka kwa mgeni, na juu yake amejua ya kuwa wazazi wake walimdanganya. Tangu siku hiyo hata wakimwambia kweli hatawasadiki. Na asiyejua kwa nini anatapishwa na dawa, mara apatapo nafuu hukataa kurudi hospitali. Kukatiza matibabu ni katika sababu kubwa za vifo ambavyo vingaliweza kuzuiliwa.

Adabu ya kumwambia ni hii. Aambiwe na tabibu, na mzazi au mtu ampendaye awepo. Aambiwe jina la maradhi, dawa zake, muda wake, na taabu atakazoziona. Yasimwagwe yote siku moja. Aulizwe anataka kujua kiasi gani. Kisha apewe nafasi ya kumwuliza tabibu peke yake, kwani yako maswali ambayo kijana hawezi kuyauliza mbele ya baba yake. Na akiuliza, "Je, nitakufa?" asiapiwe kuwa hatakufa, wala asikemewe. Aambiwe wayajuayo matabibu, na aambiwe ya kwamba hatatupwa kwa hali yoyote. Ahadi hii ya pili ndiyo ambayo sisi binadamu twaweza kuitimiza.

FUNGU LA TATU: MAHALI PAKE NA WENZAKE

Hospitali zetu nyingi humtoa kijana katika wodi ya watoto akiwa na miaka 12 au 13 hivi. Hapo hulazwa kati ya watu wazima, pengine ubavuni mwa mzee aliye katika sakarati. Lau angebaki kwa watoto, angelala chini ya picha za paka na samaki ukutani. Mahali pote pawili hapana mwenzake wa kusema naye.

Tatizo hili si letu peke yetu. Mjini London, mwaka 1990, ilifunguliwa wodi ya kwanza ya vijana wenye saratani katika Hospitali ya Middlesex, na chama kiitwacho Teenage Cancer Trust kikaendelea kuzijenga wodi kama hizo katika miji mingine ya Uingereza, kwa ajili ya vijana wa miaka 13 mpaka 24. Ndani yake wamo wauguzi waliosomea hali za vijana, na watu ambao kazi yao ni kukaa nao, na mahali pa kupikia, pa kusomea na pa kuchezea. Huko Marekani matabibu huhesabu kundi hili tangu miaka 15 mpaka 39, kwa kuwa waliona ya kwamba mwenye miaka 30 naye ana mambo yake: ndoa changa, watoto wadogo, na kazi aliyoianza juzi.

Mtu atasema: Hao wana mali, sisi hatuna. Ni kweli. Shirika la Afya Duniani laeleza ya kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto na vijana wadogo wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi za hali ya chini hawafiki asilimia 30. Lakini tazameni sababu zitajwazo: ukosefu wa dawa, kuchelewa kujulikana maradhi, kukosea jina lake, na kuyaacha matibabu katikati. Ya kwanza yataka serikali. Zilizobaki, sehemu yake kubwa imo mikononi mwetu. Na kumwuliza muuguzi kama vijana wawili wanaweza kuwekwa vitanda vya jirani hakuna gharama hata ya senti moja.

FUNGU LA NNE: MAMBO YAMHUSUYO KIJANA KHASA

Masomo. Matibabu huweza kuchukua miezi, na saratani ya damu huweza kuchukua miaka miwili na zaidi. Mwalimu mkuu na aarifiwe, daftari zimfuate mgonjwa, na nafasi yake shuleni ihifadhiwe. Kijana anayefanya hesabu kitandani ameambiwa bila ya maneno kuwa twamtazamia kesho.

Uzazi. Baadhi ya dawa na miale ya saratani huweza kuharibu uzazi. Swali hili laulizwa kabla ya dawa ya kwanza, kwani baada yake huenda ikawa kumepita. Mvulana aliyebaleghe aweza kuhifadhiwa manii yake, na wako wanavyuoni wa zama zetu walioruhusu jambo hilo kwa sharti yasitumiwe ila kwa mke wake katika ndoa iliyo hai. Msichana naye zipo njia, na tabibu aulizwe. Haya isituzuie, kwani haki ya uzazi ni ya kijana, si ya kuifanyia haya sisi. Tena ni dhuluma kuvunja uchumba wa binti aliyepona kwa uvumi tu, pasipo kumwuliza yeye wala tabibu wake.

Ibada. Kijana mwenye bidii huona vibaya kula mchana wa Ramadhani. Afahamishwe ya kwamba ruhusa ya mgonjwa ni sadaka ya Mola wake, na kuikataa hata akaangamia si uchamungu. Asiyeweza maji atayamamu, na asiyeweza kusimama asali ameketi au amelala.

Mali. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya NHIF imeondoka, na mahali pake ipo Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Nyumba na ijiandikishe kabla ya kuugua. Malipo ya saratani yana kikomo cha mwaka, basi kiulizwe mapema, pamoja na kama kijana aliyepita miaka 18 bado yumo chini ya jina la mzazi wake au yampasa kujiandikisha peke yake. Kwa watu wa pwani, hospitali kuu ya mkoa hapa Mombasa ina kituo cha saratani, na ziko hospitali za rufaa Nairobi na Eldoret. Nairobi lipo pia shirika la Faraja, lililoanza mwaka 2010, ambalo huwaliwaza wagonjwa na jamaa zao bila ya malipo na husaidia gharama za baadhi yao. Hapa Mombasa ipo Coast Hospice, na hospisi si nyumba ya kungojea kufa kama watu wadhanivyo. Kazi yake ni kutuliza maumivu, hata kwa mgonjwa ambaye bado atibiwa. Na zaka ina fungu la mafakiri na masikini; kijana asiyeweza nauli ya kwenda kwenye dawa ni nani, kama si mmoja wao?

Kazi ya kufanya. Mgonjwa kijana hataki kuhurumiwa tu. Ataka naye afae. Terry Fox, kijana wa Kanada, alikatwa mguu mwaka 1977 kwa saratani ya mfupa, naye ana miaka 18. Aliyoyaona kwa wagonjwa wenzake hospitalini hayakumtoka moyoni. Tarehe 12 Aprili 1980 alianza kukimbia kuivuka nchi yake kwa mguu mmoja na mguu wa bandia, akichanga mali ya uchunguzi wa saratani. Alikimbia siku 143, maili zaidi ya 3,300, mpaka saratani ilipomtokea mapafuni. Alikufa mwaka 1981, hakutimiza miaka 23, na mpaka leo watu hukimbia kila mwaka kwa jina lake katika nchi nyingi. Si kila mgonjwa atakimbia. Lakini kila mmoja ana kitu cha kutoa, na mwenzake mgonjwa ndiye wa kwanza kukipokea.

KHATIMA

Basi kila halaka ya vijana na ijipangie mambo matatu: wawili wa rika lake wamzuru mgonjwa kila wiki, wazungumze naye mpira na masomo, si maradhi tu; mmoja amletee masomo; na mfuko mdogo wa nauli uwekwe, ili siku ya dawa isipite kwa kukosa gari. Hayo matatu yaweza kuanza Ijumaa hii.

Maswali ya kurudia darsa:
1. Kwa nini haifai kungoja uvimbe usiouma?
2. Kijana aliyebaleghe afichwe maradhi yake? Toa hoja.
3. Ni swali gani liulizwalo kabla ya dawa ya kwanza?
4. Katika mtaa wako yuko kijana aliyeacha matibabu? Nani atakwenda kwake?

Swali la nne halijibiwi kwa kalamu. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wazazi wao, na atuamshe sisi. Amin. Wallahu aalam.