Jani Limeua Seli za Saratani Maabara: Je, Tayari Ni Dawa?

Muuza dawa za asili wa Mwanjelwa jijini Mbeya au Mashine Tatu mjini Iringa akikwambia majani yake "yamepimwa, yanaua saratani ya mlango wa kizazi", muulize: yamepimwa kwa seli zilizo kwenye kisahani, au kwa wagonjwa?

Majani hupimwaje?

Majani hukaushwa kivulini, husagwa na kulowekwa kwenye spiriti. Spiriti ikishavukizwa hubaki utomvu mzito. Utomvu huo huchanganywa kwa viwango tofauti, kisha hudondoshwa kwenye kisahani chenye vishimo 96 vilivyooteshwa seli za saratani. Zinazotumika sana ni seli za HeLa, zilizochukuliwa mwaka 1951 kwa Henrietta Lacks, Mmarekani aliyefariki kwa saratani ya mlango wa kizazi.

Baada ya siku mbili au tatu hutiwa rangi ya njano. Seli hai huigeuza kuwa ya zambarau, zilizokufa haziigeuzi. Zambarau ikififia, mtafiti anajua utomvu umeua.

Kwa nini haitoshi?

Hata jiki huua seli kisahanini. Kazi ngumu ni kuua seli ya saratani bila kudhuru ini, figo na damu ya mgonjwa, kwa kipimo kisichobadilika. Kikombe cha majani yaliyochemshwa leo hakilingani na cha kesho.

Mimea imetupa dawa za kweli. Paclitaxel, inayotumika pia kutibu saratani ya mlango wa kizazi, ilitokana na gome la mti wa Marekani uitwao Taxus brevifolia. Gome lilikusanywa mwaka 1962. Dawa ikaidhinishwa 1992. Miaka 30 ilipita katikati, na saratani haimsubiri mgonjwa muda huo.

Ufanye nini sasa?

*Pima kabla ya dalili.* Muuguzi hupaka siki mlango wa kizazi na kusubiri kama dakika moja. Penye mabadiliko huwa peupe. Mabadiliko ya awali yanaweza kutibiwa, mara nyingi siku hiyohiyo, yasifike kuwa saratani.

*Unaishi na VVU? Usichelewe.* Hatari yako ya kupata saratani hii ni kama mara sita ya mwanamke asiye na VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta maambukizi ya watu wazima yakiwa asilimia 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Omba kupimwa hukohuko unakochukulia ARV.

*Mpeleke binti akachanjwe.* Saratani hii husababishwa na kirusi cha HPV. Tangu 2024, wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa dozi moja, bila malipo.

*Usidharau dalili.* Kutokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, uchafu wenye harufu mbaya, na maumivu ya nyonga: nenda hospitali wiki hiyohiyo.

*Sema unachokunywa.* Kama unatumia majani, mwambie daktari bila aibu, maana mengine huingiliana na dawa za hospitali. Nawe mganga, mama akija na dalili hizi, mwelekeze hospitali siku hiyohiyo. Utafiti wa majani yetu uendelee, na kila jani linaloonyesha uwezo lifuatwe hadi mwisho. Lakini mama anayetokwa damu leo anahitaji kipimo na matibabu yaliyokwisha kuthibitishwa.