Mpira na Safari ya Chuo Kikuu

Swali: Mwanangu wa sekondari hapa Al Rayyan, Qatar, hushinda uwanjani, je, mpira hautamharibia chuo kikuu?

Jibu: Bibi muhtaramu, usimkataze. Mutaz Barshim, mshindi wa dhahabu ya kuruka juu katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, alihitimu Aspire Academy, iliyoasisiwa hapo kwenu mwaka 2004 ili vijana wapate ilimu na riadha pamoja. Nalo tawi la Chuo Kikuu cha Georgetown, katika Education City iliyo jirani yenu, halitosheki na alama tu, bali huangalia pia shughuli alizozishika mwombaji. Basi, kwa rai yangu, mchezo mmoja wa miaka mitatu, uliomfunza subira na nidhamu, ni bora kuliko vyeti kumi vya siku mojamoja. Usingizi wake, hata hivyo, uuchunge sana.