Mgongano wa Mipangilio ya Lugha katika Eneokazi la Kompyuta

Makala haya yanachunguza tatizo la kiufundi ambalo laweza kumrudisha mwanafunzi wa Kiswahili kwenye Kiingereza pasipo sababu ya haki.

Chukulia mwanafunzi anayeishi Kangemi na kusomea katikati ya jiji la Nairobi. Amenunua katika Barabara ya Luthuli kompyuta iliyokwishatumika, yenye mfumo wa Ubuntu, na akaunti ya mwenyewe wa awali haijafutwa. Katika dirisha la mipangilio anachagua Kiswahili cha Kenya kwa menyu na kwa tarehe, anatoka, anaingia upya. Baadhi ya menyu zinageuka, nyingine zinabaki Kiingereza. Na juu ya kioo Jumanne ingali inaandikwa Tuesday. Ni rahisi kuhitimisha kwamba Kiswahili hakijafika kwenye kompyuta, ilhali Jambo OpenOffice, zao la mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa mwaka 2004.

Kinachoonekana kuwa kosa moja ni mawili. Menyu zilizobaki Kiingereza hazijatafsiriwa, na hakuna mpangilio utakaoziponya. Zinamsubiri mtafsiri, ambaye huenda ni msomaji wa jarida hili. Tarehe ndiyo yenye mgongano.

Lugha ya eneokazi hutawaliwa na vigeu kadhaa vyenye ngazi. LANG ni kigeu cha jumla. LC_TIME huhusu tarehe peke yake, nacho hukishinda LANG. LC_ALL huvishinda vyote viwili. Kwa maandishi ya menyu, hata hivyo, LANGUAGE hutangulia LC_ALL. Ndiyo maana menyu ziligeuka na siku isigeuke. Mwanaisimu hapaswi kushangaa: neno kifaru lina umbo la ki-, lakini uhai huishinda kanuni ya umbo, na husemwa "kifaru amelala" (kile cha jeshi ni habari nyingine).

Kubofya tena na tena hakusaidii. Kwanza mwanafunzi afungue akaunti mpya katika kompyuta ileile na kuichagulia Kiswahili. Tarehe ikigeuka huko, kosa limo katika kabrasha la akaunti ya kwanza. Arudi humo, afungue dirisha la amri na kuandika locale. Mstari wa LC_ALL ukiwa mtupu, kigeu hicho hakihusiki. Ukionyesha en_US.UTF-8, kuna mtu aliyekiandika, pengine katika .profile, faili iliyofichwa ambayo husomwa wakati wa kuingia. Mstari huo utanguliziwe alama ya # badala ya kufutwa, kisha atoke na kuingia upya.

Asidanganywe na .bashrc: faili hiyo huhusu dirisha la amri, si eneokazi, na kigeu kilichomo huonyesha mgongano usiokuwapo. Akaunti mpya nayo ikikataa, ichunguzwe /etc/default/locale, na amri ya locale -a ithibitishe kwamba sw_KE imo katika orodha.