Itoe ngoma ya mtaa wako barabarani

Mtaa wako una wapiga ngoma, washonaji, wachoraji na akina mama wenye vigelegele vya kutikisa bati. Kila mmoja anafanya yake kivyake. Wape siku moja na njia moja ya kupita, utaona mtaa una sanaa kiasi gani.

Anza na njia, usianze na nguo. Kilomita moja inatosha. Ukiwa na watoto, ngoma na vituo vya kusimama, hiyo ni karibu saa nzima. Ipite mwenyewe kwa miguu, saa ileile mtakayotoka. Angalia nyaya zinazoning'inia, mitaro isiyofunikwa na kona nyembamba. Tokeni saa kumi alasiri, jua likianza kupoa, mmalize kabla ya magharibi.

Barua mapema. Tanzania Bara, polisi wa eneo lako wanatakiwa wapate taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla. Kenya ni kati ya siku 3 na 14 kabla. Wewe peleka wiki moja kabla, na nakala yako igongwe muhuri. Mwenyekiti wa mtaa naye ajue. Kama uko Zanzibar, pitia kwa sheha.

Gari la spika liache nyumbani. Muziki uliorekodiwa unawafanya watu wote kuwa watazamaji. Tafuta ngoma na matarumbeta, hata mawili. Wapigaji wakae katikati ya msafara. Ukiwaweka mbele, walio nyuma hawasikii kitu, wanatembea tu kama wanaokwenda sokoni. Na kumbuka mdomo wa mpuliza tarumbeta unachoka. Kila baada ya nyimbo mbili tatu, ziachie ngoma peke yake, naye anywe maji.

Gawa vyeo. Wazee wa ngoma ya beni walilijua hili. Mwanzoni mwa karne ya 20, vikundi vya Marini na Arinoti vilishindana Tanga na Dar es Salaam kwa sare, gwaride na vyeo vya kijeshi. Mtu akiwa na cheo hachelewi kufika. Kwa hiyo yule mtoto mtundu kuliko wote mpe kipenga, umfanye kamanda wa watoto wenzake.

Sare isimfukarishe mtu. Chagua rangi ambayo kila nyumba inayo, nyeupe haikosekani. Mkiweza kuchanga, nunueni khanga za aina moja, doti moja watu wawili.

Fedha iliyobaki iende kwenye vinyago, maana hapo ndipo watoto wanapofurahi zaidi. Puliza puto. Chana magazeti vipande vidogo, uvichovye kwenye uji mzito wa unga wa ngano, uvibandike juu ya puto. Tabaka la kwanza likauke kabisa juani ndipo uweke la pili, kisha la tatu. Toboa puto, kata, paka rangi. Matundu ya macho usiyakate mezani. Mvalishe mtoto kwanza, uweke alama kwa kalamu pale macho yake yalipo, na uyakate makubwa kushuka chini ili aone miguu yake. Mtoto asiyeona miguu yake ataanguka kwenye shimo la kwanza.

Panga vituo vitatu. Kimoja kiwe mbele ya nyumba ya bibi au babu asiyeweza kutoka. Mchezeeni dakika tano nzima. Walio barazani nao wapeni kazi: tungeni kiitikio kifupi chenye jina la mtaa, mkifundishe jioni iliyotangulia, nyumba kwa nyumba.

Mtu mmoja atangulie mbele sana, na kitambaa cheupe mkononi. Akiona turubai la msiba, au watu wanaswali, akiinue. Ngoma zinyamaze, mpite kwa heshima, na zianze tena mkishapita mbali. Hili usilifanyie mzaha.

Njia panda waachie bodaboda wa kijiweni kwenu. Vizibao vya kuakisi mwanga wanavyo, na wanajua gari linatokea wapi. Waombe siku kadhaa kabla, na wali wao uwepo.

Malizeni uwanjani ili ngoma igeuke duara na kila mtu aingie kucheza. Uwe na magunia mawili ya kuokotea chupa na karatasi. Mwenyekiti akikuta barabara safi kesho yake, barua yako ya mwakani haitakaa mezani.