URITHI WA MAHARAGWE: MAFUNZO KWA MKULIMA ATOAYE MBEGU YAKE MWENYEWE

Mkulima wa Izigo hupanda maharagwe katikati ya migomba na mibuni ya kibanja chake, na mbegu huitoa katika mavuno yake. Kwa hiyo yafaa ajue tabia zipi hurithiwa na zipi huletwa na udongo.

1. Ua hujizalisha. Ua la haragwe lina sehemu ya kiume na ya kike, nalo kwa kawaida hujichavusha lenyewe. Ndiyo sababu aina moja hufanana msimu hata msimu. Mara chache nyuki huleta chavua ya aina nyingine. Hapo huzaliwa chotara.

2. Tabia hufichika. Aina ndefu ipandayo miti ikizalishwa na aina fupi, chotara wote wa kwanza hupanda miti. Ufupi haukupotea, umefunikwa. Katika uzao wa pili, yapata mimea 3 kwa kila 4 ni mirefu, na 1 ni mfupi. Mfupi ni ule uliorithi ufupi kwa mama na kwa baba. Mbegu zake zitazaa mifupi tu. Lakini katika ile 3 mirefu, 2 ingali na ufupi ndani yake. Kanuni hii aliieleza Gregor Mendel mwaka 1865, baada ya kuhesabu njegere kwa miaka mingi.

3. Punje kubwa hudanganya. Mwaka 1903 Wilhelm Johannsen wa Denmark alionyesha kwamba katika ukoo safi wa haragwe moja, punje kubwa na ndogo huzaa sawasawa. Tofauti ile ilitokana na rutuba na nafasi. Lakini koo mbalimbali zilitofautiana kweli. Basi usichague punje kikapuni. Chagua mmea shambani.

4. Ufanye hivi:
(a) Kabla ya kuvuna, funga ukambaa kwenye mimea yenye afya na maganda mengi kuliko jirani zake. Uache ule ulio karibu na samadi.
(b) Weka mbegu za kila mmea mbali, uzipande mstari wake. Mstari ukitoa mimea ya namna mbili, ni chotara, chagua tena.
(c) Usitoe mbegu kwenye mmea wenye majani ya batobato au maganda yenye madoa meusi yaliyobonyea. Ugonjwa si urithi, lakini husafiri ndani ya mbegu.

Akiba ya mbegu ikichaguliwa ovyo, njaa ya msimu ujao imekwisha kupandwa.